Mashine Iliyowekewa Wageni

Kaka yangu alipoacha uhandisi huko Ufini, Baba aliacha kuongea naye. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alinyamaza tu. Baba alikuwa mwashi, nyumba kadhaa za mawe pale Ruring'u amezijenga kwa mikono yake, na alikuwa amesimama mbele ya harambee nzima ya karo yake kwetu Othaya akawaambia watu kijana wake atarudi kujenga madaraja. Simu ya karibu iliyofika Ulaya bila matatizo ilikuwa ya chuo cha kompyuta mjini Nyeri, nilikofundisha kuchapa. Kwa hivyo kila Jumamosi Mama alikuja kuongea na mwanawe, na Baba akabaki nyumbani akisema ana ng'ombe wa kuangalia. Haki, ng'ombe wale waliangaliwa mpaka wakakonda.

Kilichomfanya kaka aache masomo sikukielewa vizuri mwanzoni. Yeye na vijana wenzake waliandika programu ndogo ndogo zinazochora picha na kupiga muziki, kisha wakakusanyika ukumbini, kila mtu na kompyuta yake mgongoni, kushindanisha nani amechora vizuri zaidi. Kazi gani hiyo? Lakini alituma moja, ndani ya diski ndogo ya plastiki, kupitia kwa mama mmoja wa kanisa aliyekuwa akirudi kutoka huko. Alisema kwenye simu, na sauti yake ilibadilika kabisa: "Sista, fanya ufanyavyo, mzee aone hii. Akiiona halafu bado akatae kuniongelesha, nitajua nimekwisha."

Nikamwambia nitampeleka mzee kwa wale wenye vibanda vya video.

"Wewe! Hii si kanda," akapiga kelele. "Kanda imeshapigwa, yako ni kutazama. Hii yangu, mashine inapewa maagizo tu. Inapiga hesabu na kuchora hapo hapo mkitazama. Ndiyo maana inachagua mashine."

Na ilichagua kama bibi harusi. Ilitaka kompyuta ya aina ya 486, tena ile yenye kipande cha hesabu ndani, maana kuna zilizouzwa bila hicho kipande. Ilitaka kadi ya sauti na spika zake, la sivyo ingebaki kulia piip tu. Ilitaka nafasi yote ya kumbukumbu ibaki wazi, hata programu yetu ya kuchapa nisiifungue.

"Na ikikosa hicho kipande cha hesabu?"

"Itaenda. Lakini itatambaa."

Mashine za wanafunzi wetu zilikosa kipande na zikakosa sauti. Iliyokuwa na vyote ilikaa ofisini kwa mkurugenzi, mwenye chuo. Aliinunua Nairobi, mke wake akaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, na juu ya kitambaa akaweka chombo cha maua ya plastiki. Ilikuwa mashine ya wageni, kama vile kila nyumba kwetu ina vikombe vya wageni. Wageni gani? Mimi sikuwahi kuwaona. Ukimwuliza mkurugenzi, anajibu, "Kitunze kikutunze, mwalimu."

Nilimbembeleza mpaka akachoka. "Sawa," alisema mwishowe. "Mzee wako akija, huyo ni mgeni. Mlete."

Hapo nikapata njia. Nilirudi nyumbani nikamwambia Baba mkurugenzi amemwalika chai. Hakuna mzee wa Othaya anayekataa mwaliko wa mwanamume mwenzake aliyemtumia salamu. Jumamosi alifika na koti lake la kanisa, Mama akiwa na chupa ya chai, kwa sababu hakuamini chai ya ofisini. Mlangoni wote wakavua viatu, maana kwetu kompyuta ilikuwa haiingiliwi na vumbi. Mkurugenzi akatoa maua, akakunja kitambaa taratibu, akaomba. Aliombea safari yetu, afya ya mzee, na hata stima isipotee. Tukasema amina, nikawasha.

Mashine iliamka haijijui. Iliandika kwamba haina diski, haina tarehe, haina chochote. Ndani ya mashine zile kulikuwa na kibetri kinachoshika kumbukumbu, na hakipati chakula mpaka mashine iwashwe. Yetu ilitunzwa, ikatunzwa, mpaka ikasahau. Nami sikujua namba za kuirudisha. Aliyezijua ni fundi aliyeiuza, naye alikuwa Nairobi.

"Haiwezekani!" mkurugenzi akasema. "Hii hata haijaguswa!"

"Si ndiyo shida yenyewe, mkubwa!" Nilikuwa na hasira karibu nilie.

Baba alishasimama. "Nilijua," alisema polepole. "Kazi yenyewe haiko." Alikuwa anatafuta viatu, na nilimjua mzee wangu, akitoka pale harudi tena. Nikamtazama Mama. Mama, Mungu ambariki, akafungua chupa akamjazia Baba kikombe mpaka ukingoni, tena chai ya moto. Mtu na adabu zake haondoki nyumba ya wenyewe na chai mkononi. Baba akaketi, akaanza kuipuliza.

Nikashika bisibisi. Nikachomoa kadi ya sauti kutoka mashine ya wageni, mkurugenzi akishika kichwa, nikaichomeka, na spika zake, kwenye mashine ya wanafunzi niliyoileta kutoka darasani. Baba alikuwa amefika nusu ya kikombe nilipoingiza diski.

Muziki ulianza, mzuri kweli. Kisha vilima vikaanza kuinuka kwenye skrini, kimoja nyuma ya kingine, na ukungu katikati. Lakini viliinuka kwa taabu! Picha inakuja, inasimama, inatetemeka, inakuja nyingine. Muziki uliisha ukaanza upya, vilima bado viko njiani. Niliona aibu kwa niaba ya kaka yangu. Nikanyoosha mkono nizime.

"Baba, hii mashine haina nguvu. Nitakuonyesha siku ingine."

"Ngoja, maitu." Aliniita hivyo, mama yangu, kila siku, maana nilipewa jina la mama yake. "Hii ilipigwa picha lini?"

"Haikupigwa, Baba. Mashine inahesabu saa hii. Inafuata vile yeye alisema, mstari kwa mstari."

"Kwa hivyo ni yeye anafanya, saa hii."

"Ni kama yeye, Baba."

"Basi toa mkono," alisema. "Mwache amalize."

Aliweka kikombe chini. Akasogeza kiti, akatazama vile vilima kama alivyotazama kuta za mafundi wake, kichwa upande, jicho moja limefinywa. Simu ikalia, mkurugenzi akaishika. "Ni kijana wenu!"

Mama akaruka. Baba hakugeuka. "Mwambie angoje. Bado yuko kazini."

"Ai, mzee wewe! Ulaya ingoje?"

"Ingoje."

Ulaya ikangoja. Mkurugenzi alishika mkono wa simu juu hewani kama mtu aliyebeba yai, na kaka yangu, huko aliko, akasikiliza muziki wake mwenyewe ukitoka Nyeri. Kilima cha mwisho kikainuka, skrini ikawa nyeusi. Baba akanyanyuka, akavuka chumba na soksi zake, akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Haro!" alipaza sauti. "Nimeona. Hiyo kilima ya pili umeiweka imelala upande kidogo." Akahamishia simu sikio la pili. "Lakini imesimama. Unasikia? Imesimama."

Mama alikuwa anamvuta koti apewe simu, naye akamwondoa kwa kiwiko.

"Usilie," Baba alisema. "Umekula?"