Tarishi wa Nyumba ya Pili

Tarishi wa nyumba ya pili alinong'ona hata anapoomba kiberiti, na hilo ndilo lililomtia Avelina shaka. Kila Jumapili alfajiri alivua viatu, akavining'iniza shingoni kwa kamba zake, akashika njia ya mikokoni kule Mbezi, daftari kwapani. Nani huenda porini na daftari? Redio kila siku ilihimiza wananchi wawe macho, basi Avelina akaenda kwa balozi wa nyumba kumi kusema jirani yake anawapelelezea makaburu.

Jumapili iliyofuata Avelina na balozi wakamfuata. Walimkuta amechuchumaa topeni, vidole vyake virefu vikichora taratibu. Kwenye daftari hamkuwa na kitu ila yangeyange na mdiria, unyoya kwa unyoya. Balozi akakohoa. Tarishi akageuka, uso ukamkunjuka.

"Shikamoo, mzee. Dada Avelina! Kumbe na nyie mnapenda ndege? Miaka sita nakuja peke yangu."

Akafuta gogo kwa kiganja, akampisha Avelina mahali pazuri kuliko pote. Balozi akatazama miguu yake mwenyewe.

"Ndiyo, kaka, tunapenda," Avelina alijibu, na sauti ikamtoka chini kuliko ya tarishi.