Fundo Nililofunga Mlimani

Magoti yananiuma tangu Jumatatu, na sitaki mtu anipe pole. Nilipanda mlima ambao sikuwa nimeupanda tangu nikiwa na miaka kumi, nikaupanda kwa hasira, na hasira, ndugu yangu, inamtembeza mtu kuliko miguu yake inavyoweza. Sasa nimekaa hapa sokoni Kamina nyuma ya beseni zangu za samaki. Wateja wananiuliza mara mbili kabla sijawajibu, maana kichwa kimebaki kule juu. Acha nikueleze. Weye unanijua, unajua mimi si mtu wa kusahau.

Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, kwa hiyo watoto wake tulijua treni kabla hatujajua barabara. Shule ikifungwa mwezi wa saba, mama alinipandisha kwenye behewa na kifuko cha nguo na sabuni mbili, nikaenda kwa nkambo. Nkambo, njo vile tunavyomwita bibi huku kwetu. Huyu alikuwa mama wa mama, na kijiji chake kiko chini ya mlima, upande huu wa Bukama. Treni ilikuwa inasimama popote ilipotaka. Wakati huo wamama walipitisha madirishani mihogo ya kuchemsha, karanga, samaki wa moshi, na harufu ya majani yaliyochomwa ikaingia pamoja navyo. Asubuhi za majira hayo zina baridi ya kuuma masikio. Nilikaa nimejifunga kitenge cha mama, natafuta mlima kwa macho. Kwanza niliuona kama wingu, halafu ukawa wa kijani, halafu nikaweza kuhesabu miti.

Kwa nkambo hakukuwa na vakansi, likizo ya kupumzika. Kabla jua halijatoka nilikuwa nimeshika mchi, natwanga sombe, majani ya mihogo, na yeye ananicheka kwamba natwanga kama mtu wa mjini, nagonga kinu zaidi kuliko majani. Tulichota maji mtoni, tukaanika mihogo juu ya mawe, na mchana tukala bukari, ugali wetu, na samaki wadogo wa kukauka. Lakini asubuhi, juu ya kiazi cha moto, alinimwagia asali. Ilikuwa nyeusi, na ilinuka moshi kidogo. Sijaila tena asali ya namna ile, na usiniambie ile ya kwenye chupa hapo stendi, ile ni sukari na uongo.

Asali ile ndiyo iliyokuwa maisha yake. Mume wake alipokufa alimwachia miti mitatu yenye nyuki kule juu, ubavuni mwa mlima. Kijijini mwanamke hakuwa na nyuki, nyuki ni mambo ya wanaume, na watu walisema wee mpaka wakachoka. Nkambo alichukua kamba, shoka na kifungu cha majani ya kufukiza moshi, akapanda. Kwa miti ile mitatu alinunua chumvi na nguo, akamsomesha mama. Hakuwa na shamba kubwa wala mtoto wa kiume. Ukimnyang'anya ile miti, umemnyang'anya sahani.

Kupanda naye kulikuwa na masharti. Hakuna kusema kiu, hakuna kuuliza tumebakiza kiasi gani. "Angalia kisigino changu tu," aliniambia, "mulima haipendi muntu wa kulalamika." Tulipofika kwenye kijito cha kwanza alipiga magoti, akapiga makofi polepole kama mtu anayemsalimu chefu, mkuu wa kijiji, na mimi nikafanya hivyo hivyo nyuma yake. Kisha tukaendelea. Niamini, ile ya kisigino inanisaidia mpaka leo. Treni ikikwama siku mbili na samaki wangu ndani, au mtoto akiumwa na sina wa kumwachia meza, sitazami mwisho wa safari. Natafuta kisigino kimoja mbele yangu, nakifuata.

Sasa sikiliza vizuri desturi yenyewe, maana kila kitu kilitokea hapo. Mti wa nyuki haukuwa na karatasi. Ulikuwa na fundo. Kila mwaka, siku chache kabla ya kutoa asali, mwenye mti alisuka majani marefu akayazungusha kwenye shina, akafunga. Fundo likishafungwa, hakuna anayegusa. Kama mwenye mti yuko hai, mkia wa fundo unaangalia juu. Kama ni mjane anayeshika mti wa marehemu, mkia unaangalia chini, maana mti bado ni wa yule aliye ardhini. Na fundo la mtoto halihesabiwi. Mtoto akifunga, ni kama mti haukufungwa, na wa kwanza kuufunga anauchukua.

Mwaka ule nkambo alikuwa ameungua mkono wa kulia kwa chungu cha maji ya moto. Vidole havikukunjika. Tulipofika juu alikaa kwenye jiwe, akaniambia, "Leo utafunga weye, na hatutamwambia muntu. Mukia chini." Nikaenda kwenye mti wa kwanza nikiwa na furaha ya kupasuka. Nilisuka majani, nikazungusha, nikafunga mpaka likakaza. Mkia nikauacha juu. Kwa nini? Kwa sababu niliona unapendeza vile, umesimama kama unyoya wa jogoo. Nikafanya hivyo kwa yote mitatu. Nkambo aliniuliza kwa mbali kama nimemaliza, nikasema ndiyo.

Na kuna mtu aliniona. Jirani wa nkambo, mwanaume mwenye mizinga yake upande ule ule, alikuwa anapita na shoka begani. Alisimama karibu nami kwenye mti wa tatu, akatazama mikono yangu, akatabasamu. "Unafunga muzuri, mama," akaniambia, kama wanavyowaita watoto wa kike huku kwa mapenzi. "Nkambo yako amepata mukono mupya." Nilijivuna njia nzima ya kurudi.

Siku chache baadaye mkono ulipopata nafuu, nkambo akapanda kutoa asali, mimi nyuma na beseni. Tulimkuta jirani chini ya mti wa kwanza, na chefu wa zamani, na wazee wawili. Alikuwa amewaleta waone mwizi.

"Minyi niko muzima," jirani akasema, wala hakupandisha sauti. "Fundo ya muntu muzima inaangalia juu. Fundo ya mujane inaangalia chini. Muangalie benyewe. Hii miti iko ya nani?"

Wazee wakaangalia. Mkia ulikuwa juu kwenye yote mitatu. Nkambo aliutazama, kisha akanitazama mimi, na hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Unadhani angesema nini? Kusema "mtoto ndiye aliyefunga" ilikuwa kusema miti haikufungwa kabisa, na fundo la jirani lingeingia siku hiyo hiyo. Mimi nilimtazama jirani. Nilikuwa namsubiri aseme alichokiona kwa macho yake, maana kwa akili ya mtoto, mtu mzima aliyekusifu hawezi kukugeuka. Akanitazama vizuri usoni. Akageuka, akaendelea kuongea na chefu.

Walimwambia nkambo aombe msamaha kwa kutaka kuiba. Alipiga magoti mbele ya jirani, akapiga makofi polepole, vile vile alivyokuwa anausalimu mlima. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nyayo zake zilikuwa na vumbi jeupe na ufa mmoja mrefu, na mkono ulioungua ulikuwa bado na kitambaa.

Hakupanda tena. Alianza kuuza sombe barabarani, mafungu madogo ambayo jioni alirudi nayo yamenyauka. Mvua ya pili baada ya hapo alikufa. Walisema malaria. Mimi najua nilichokiona. Mama alisema tumwachie Mungu, na katekista alisema tusamehe, nikaitikia kwa mdomo. Rohoni nilikuwa na neno moja ambalo wazee wanalo: milima haikutani, lakini watu wanakutana. Nikangoja.

Nilikua, nikaolewa, nikaanza biashara ya samaki, Bukama na Kamina, Kamina na Bukama. Kila safari treni ilinipitisha mbele ya mlima ule. Nilijua jirani amejenga nyumba ya matofali kwa asali ya nkambo wangu. Abiria wengine walisinzia hapo. Mimi sikuwahi kusinzia hapo hata siku moja.

Miezi miwili iliyopita, wachoma makala, makaa ya kupikia, walikuja kwenye meza yangu na pikipiki zao. Walitaka miti ya ubavu ule. Chefu wa sasa, kijana, alikuwa amewaambia kwamba upande ule una nyumba mbili tangu zamani. Jirani amekataa, kwa hiyo waende kuuliza nyumba ya pili, na nyumba ya pili ni mimi. "Mama, ile miti iko ya nani?" wakaniuliza kwa heshima. Ningeweza kusema ni yetu na haiuzwi, wangeondoka. Ningeweza kusema ni ya jirani, wangeondoka vile vile. Nilikuwa nakwangua magamba ya samaki, na kisu sikukiweka chini.

"Ile miti haina mwenyewe," nikasema.

Siku hiyo nilikula vizuri. Nasema ukweli, nilikula bukari mara mbili na nikalala kama mtoto. Lakini kisasi ambacho mtu hajui kimetoka wapi ni kama barua bila jina, haitoshi. Nilitaka anione uso. Ndiyo maana Jumatatu nikapanda.

Kijito cha kwanza kimekauka. Juu kuna visiki tu, na tanuru za udongo ambazo zilikuwa bado zinatoa moshi. Yeye alikuwa amekaa kwenye kisiki kimoja, mzee kabisa, macho yana ukungu, mizinga mitupu imelundikwa pembeni yake. Nikajitambulisha, mjukuu wa nani. Akafurahi.

"Mama ule wa asali! Karibu, mwana wangu, ikala hapa chini. Ona vile balitufanya. Nani alibaambia kama miti haina mwenyewe?"

"Ni minyi, Tata," nikasema, kama tunavyowaita wazee. "Na unajua juu ya nini nilibaambia vile."

Akasogeza fimbo yake karibu. "Juu ya nini?"

Nikamwambia: kesi. Akauliza kesi gani. Ndugu yangu, nimeuza samaki miaka mingi, mwongo namjua kabla hajafungua kinywa. Hakuwa anadanganya. Miaka ilikuwa imepita kichwani mwake ikafagia, na mimi nilikuwa nimebisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameshahama. Basi nikakaa chini, nikamweleza yote tangu mwanzo, bila kutaja jina la mtu, kwa sababu nilitaka afike mwenyewe. Mkono ulioungua. Fundo. Mtu aliyepita na shoka akamsifu mtoto. Mwanamke aliyepiga magoti. Alisikiliza, kidevu juu ya fimbo, na nilipofika kwenye magoti alitikisa kichwa, akasonya.

"Uyu muntu alikuwa mubaya kabisa," akasema. Kisha, baada ya kufikiri kidogo, "Na alishakufaka?"

Nikasimama, majivu yamenijaa kwenye kitenge.

"Bado, Tata," nikamjibu.

Nikamwachia chupa yangu ya maji, sijui kwa nini, nikashuka. Jua lilinipiga kichwani mpaka chini, hakuna mdudu aliyelia, na njia ambayo nkambo aliijua kwa miguu nilikuwa naikosea kila hatua kwa sababu hakuna tena mti wa kunionyesha pa kugeukia. Kijijini watoto waliniona nimejaa majivu. Wakauliza nilienda kutafuta nini kule juu, maana kule hakuna kitu. Nikawaambia palikuwa na miti mitatu ya nkambo wangu, yenye nyuki. Mmoja, kasichana kadogo, akaniuliza nani aliikata.

Nikamwita mwenye pikipiki, nikapanda, nikamwambia twende gare, stesheni ya treni.