Mama Mdogo Alivyoolewa Kwenye Video

Juzi nilikwenda Kongowe, hii yetu ya Kibaha, kumjulia hali dada yangu. Nikamkuta mjukuu wake uani, kasimamisha simu juu ya ndoo, anachezesha mdomo kwa wimbo wa mtu mwingine. Nikacheka peke yangu. Bibi yetu angeuliza: mwenye sauti yuko wapi?

Unajua, sisi tuliokulia Kisarawe tulianza kuwaona waimbaji wakiwa wamesimama tu. Jirani yetu, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa na televisheni. Jumapili alasiri tukishaosha vyombo tulijaa sebuleni kwake, mkekani, tukila mihogo ya nazi. Bendi ilijipanga mbele ya pazia, sare moja, na mwimbaji kashika kipaza sauti chenye waya mrefu. Bibi aliupenda waya ule. "Waya ukiuona, ujue sauti ni yake," alisema.

Kisha waya ukapotea. Waimbaji wakawa wanaimba juu ya gari, au mvua inawanyea, na sauti haitetemeki hata kidogo. Bibi akakunja uso.

"Huyu ngoma zake ziko wapi?"

Fundi akamweleza kwamba wimbo hurekodiwa kwanza, picha hufuata baadaye.

"Kumbe wanapata nafasi ya kupanga uongo," bibi akajibu.

Basi, wapiga video wakafika Kisarawe kwetu. Walimtaka msichana wa kuigiza bi harusi, wakamwona mama mdogo, mdogo wake mama, akitoka sokoni. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mlandizi, harusi ikisubiri mavuno ya mpunga. Alikubali bila kumwambia mtu. Jioni akarudi na piko la bi harusi mikononi.

"Nani kakupaka?" bibi akamwuliza.

"Shoga zangu."

"Haya," akasema bibi, na kuanzia hapo akawa hamwondolei macho.

Wimbo ulipotoka, sote tulikuwa sebuleni kwa fundi. Mama mdogo yule pale, ndani ya shela, mbele ya shehe, mwimbaji anamvisha pete, naye anacheka meno yote nje. Fundi akamgeukia bibi taratibu. "Mama, mmeozesha bila kutualika?"

Bibi alijitanda khanga, akatoka bila kuaga. Nilimkuta nyumbani keshambana mama mdogo jikoni.

"Umeolewa?"

"Maigizo tu, mama."

"Yule shehe?"

"Si shehe. Kavalishwa kanzu."

"Nimemwona akisoma!"

"Alikuwa anachezesha mdomo, mama."

Bibi akaketi juu ya kinu. Sijui kama aliamini.

Haukupita muda, mchumba akaja na mama yake. Hawakunywa hata chai. "Mwanangu hawezi kuoa mke wa mtu," mama yule alisema. Hapo bibi, ambaye wiki nzima alikuwa akimshuku mwanawe, akaapa mbele yao kwamba hakuna aliyemwozesha. Mchumba akamtazama mama mdogo. "Na kile kicheko? Walikufundisha?"

Angeweza kudanganya. "Hapana," akasema. "Kicheko kilikuwa changu. Nilifurahi kuonekana."

Kijana alitikisa kichwa, akaomba pete yao ya uchumba. Posa ikavunjika pale pale. Mama mdogo alilia hadi mpunga ukavunwa, lakini sikumsikia akijuta jibu lile. Baadaye aliolewa na mkulima wa Pangani, huko huko Kibaha, mtu asiyekuwa na habari na televisheni, wakaishi vizuri.

Bibi hayupo tena. Nyumba ya fundi imekuwa duka la dawa, na ile sebule iliyokuwa ikibishana na kioo cha televisheni haipo. Siku hizi kila mtu anatazama peke yake, kichwa kimeinama, na akiingiwa na shaka hana wa kumgusa bega akamwuliza, "Na wewe umeona nilichoona?"