Jina la Mama wa Babu

Juzi, kwenye dirisha la masijala ya mahakama, mbele yangu alisimama bibi mmoja wa mtaa wa Mabawa. Alikuwa akitafuta jina la mama wa babu yake, apate kulitaja kwenye hitima ya ukoo.

Karani alimpa shikamoo yake, akafungua jalada kongwe la mirathi, akasoma: mwenye shamba, wake zake wawili kwa majina, watoto, yule babu akiwemo, minazi, hata punda aitwaye Johari.

"Na mama wa babu, mwanangu?"

"Ameandikwa 'suria' tu, bibi."

Bibi akaweka kidole juu ya neno lile la mjakazi aliyemzalia bwana wake, asikiondoe. "Punda ana jina," alisema taratibu.

Miaka yote nilidhani kwenye hitima sheikh husema "na marehemu wetu wote" ili tuwahi pilau. Kumbe humo ndani yumo mtu anangoja kuitwa.