Trei za Kuzunguka za Adelina

Kofi la kwanza Adelina alilipata kwa ajili ya tangawizi. Mumewe, Faustine, alikuwa amerudi kutoka kupakia mizigo uwanja wa ndege, anataka chai, naye Adelina kapiga magoti, kichwa kimezama ndani ya kabati la kona, anapekua kopo baada ya kopo. Alivutwa nywele, akazabwa kofi, paji la uso likagonga mlango wa kabati.

"Mwanamke gani hajui jiko lake?"

Wiki ileile alinunua trei ya kuzunguka, akaiweka kwenye kona ile isiyofikiwa na mkono. Ukiisukuma kidogo tu, viungo vinakujia vyenyewe. Akaongeza ya pili, akatundika vifuniko vya sufuria nyuma ya milango, akapanga kila kitu ili apike bila kuupa mlango kisogo. Wanawake wa Hounslow, hapo London, aliosali nao wakawa wanakuja kushangaa. "Adelina, wewe ni kiboko!" Wakaiga, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza haraka yote ile ni ya nini.

Kipigo hakikupungua. Chai ikiwahi, Faustine aligombana na sukari.

Aliyeuliza ni Bi Daksha, jirani wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa Unguja aliyeondoka na wazazi wake baada ya mapinduzi. Alizungusha trei ya chini taratibu, na nyuma ya unga akakuta visu vyote vimeviringishwa kitambaa.

"Mwanangu, kila kitu umekisogeza karibu. Visu mbona umevificha?"

"Watoto wasijikate, Bi Daksha."

"Watoto gani? Huna mtoto wewe."

Adelina akaangua kilio. Bi Daksha hakumbembeleza. Alivitia visu kwenye mfuko wake akasema, "Mlango wangu usiugonge. Sukuma, uingie."

Jumamosi Faustine alirudi chakari. Alimtwanga ngumi ya mdomo, akamwangusha, akamkanyaga mkono mpaka mfupa ukalia, kisha akauliza kisu kiko wapi. Akalivamia kabati, anazungusha trei kwa hasira, chupa zinaruka na kupasuka ukutani, pilipili inamjaa machoni. Adelina akapita nyuma yake, miguu peku juu ya vigae vya chupa, akashuka ngazi huku damu inamtiririka, akausukuma mlango wa Bi Daksha.

Polisi walimchukua Faustine usiku huo, na Jumatatu akatoka kwa dhamana. Kesho yake simu ya Bi Daksha ikalia, Adelina akaipokea. Alikuwa Faustine, wala hakuomba radhi. Alitaka kujua majani ya chai yako wapi.

Na Adelina, mkono ndani ya plasta, mdomo una nyuzi, alikifungua kinywa amjibu. Trei ya juu, nyuma ya maziwa ya unga: jibu lilikuwa tayari limekaa ulimini. Hapo akaogopa kuliko alivyoziogopa ngumi zote. Akaibwaga simu chini kabla ulimi wake haujamtii mume yule.