Nusu ya Benchi

Lenzi iliyokuja na kamera yangu ilikufa katikati ya msimu wa harusi. Ilianza kutoa mlio wa kusagika, halafu ikagoma kabisa kuvuta fokasi. Hewa ya chumvi ya Mtwara haina huruma na vitu vya umeme. Lenzi mpya sikuiweza. Nina kibanda cha picha Chuno, na wateja wangu wengi ni watu wa paspoti wanaojiandaa kuvuka pale Kilambo kwenda Msumbiji. Kazi ya namna hiyo inalisha, haitajirishi.

Nikasoma mtandaoni kwamba lenzi za zamani, zile za enzi za filamu ambazo unazungusha mwenyewe kwa mkono, zinaingia kwenye kamera za kisasa ukipata adapta, yaani ringi ya chuma ya kuziunganisha. Adapta niliagiza Dar, ikaja na basi ndani ya boksi la dawa ya meno. Lenzi yenyewe nilijua pa kuitafuta. Mikindani kuna duka la familia moja ya Kihindi, siku hizi linauza rangi na misumari, lakini zamani lilikuwa pia studio, na picha zilipigwa uani chini ya miti. Baba yangu alipigwa picha pale.

Ndiyo picha pekee ya baba tuliyonayo, maana alifariki nikiwa na miaka mitatu. Imetundikwa sebuleni kwa mama, Magomeni ya hapa hapa Mtwara, na mimi kama mtu wa kazi sikuwahi kuipenda. Baba amekaa kwenye benchi, amejibana mwisho wa kulia mpaka bega linakaribia kugusa fremu, na upande wote wa kushoto wa benchi ni mtupu. Nyuma yake mwanga uliopenya kwenye majani umetoka kama vidoa vya mviringo, kila kimoja kimemegwa pembeni, mfano wa korosho. Utotoni niliamini ni korosho kweli. Ukubwani niliamini mpiga picha hakujua kazi. Niliwahi hata kumwambia mama nimkatie ule upande mtupu ili picha ikae sawa. Akasema, "Iache," nikaiacha.

Ila baba ana afadhali, yeye picha anayo. Nimepiga maharusi wa nusu ya Magomeni, na mama yangu mzazi hajawahi kukubali kukaa mbele ya kamera yangu. Ipo ile ya kitambulisho tu, aliyopigwa kwa sababu hakuwa na la kufanya. Kila nikimwomba ananionyesha mikono. Alibangua korosho tangu usichana, na mafuta ya maganda yamemla ngozi ya vidole, ikabaki nyeusi na telezi, haina hata mistari. "Utapiga nini hapa?" ananiuliza, na mazungumzo yanaishia hapo. Umri wake umekwenda. Niliogopa, tena niliogopa sana, kwamba mwisho nitabaki na ile ya kitambulisho.

Mwenye duka wa Mikindani ni mjukuu wa yule mpiga picha. Alipekua chini ya kaunta akatoa kopo la biskuti lenye lenzi tatu. Mbili zilikuwa zimeota ukungu ndani mpaka kioo kimekuwa cheupe. Ya tatu ilikuwa safi kiasi, ila ilikuwa na kasoro yake. Ndani ya lenzi kuna vipande vyembamba vya chuma vinavyofungua na kubana tundu la mwanga, na kimoja kilikuwa kimekwama, kimechomoza wakati vingine vimerudi nyuma.

Nikakunja uso, kama inavyompasa mnunuzi. "Hii mbovu, kaka."

"Mbovu tangu enzi za babu," akasema, wala hakuona haya. "Alipigia hivyo hivyo mpaka akafunga studio."

"Basi punguza."

Akapunguza. Akaniviringishia kwenye gazeti kama maandazi, nikaondoka najiona mjanja. Mpango ulikuwa kesho yake niipeleke kwa fundi saa akirudishe kile kipande mahali pake. Mpaka leo sijaipeleka.

Alasiri hiyo nilipita kwa mama. Alikuwa ameanika korosho uani kwenye jamvi, anazigeuzageuza. Nikaweka kikombe juu ya benchi la uani, nyuma yake ukiwapo mkorosho, nikaifunga lenzi kwenye kamera, nikaanza kuizungusha. Lenzi hizi hazina papara. Unazungusha pole pole, ukungu unapungua, hatimaye kitu kinakujia. Nikabonyeza, nikatazama kioo cha kamera. Kikombe kilikuwa safi kabisa. Nyuma yake, kwenye majani, kulikuwa na vidoa vya mwanga, kila kimoja kimemegwa pembeni.

Nikapiga tena, na tena, mpaka mama akaja kuona kimenipata nini. Akaishika kamera kwa mikono yake miwili, akaisogeza karibu na macho.

"Korosho hizi za baba yako," akasema.

Yeye ameitazama picha ile karibu miaka arobaini, hakuhitaji maelezo yangu ya lenzi. Akarudi kwenye jamvi, akaendelea kugeuza korosho huku akisema. Siku ya picha ile walikwenda Mikindani wawili, yeye na baba, ndoa yao bado changa, wapigwe picha pamoja. Yeye alitoka kubangua asubuhi hiyo hiyo. Alisugua mikono kwa mchanga na sabuni, weusi haukutoka. Walipoambiwa wakae, akaitazama mikono yake, akakataa. Akasimama pembeni ya mpiga picha.

"Baba yako akasogea mwisho wa benchi. Akaniambia, nafasi yako hii hapa, ukibadili mawazo njoo ukae. Yule mzee anamwambia kaa katikati, bwana. Hakusogea."

"Na wewe?"

"Nikajua tutarudi siku nyingine."

Niliona aibu mbaya. Miaka yote hiyo nimeisema vibaya picha ile mbele yake, na mkasi nimemtajia, naye hakunijibu zaidi ya kuniambia niiache.

Mama akainuka, akakung'uta kanga. Akakiondoa kikombe, akakaa kwenye benchi, mwisho kabisa wa kushoto, mikono yote miwili juu ya magoti, vidole wazi. Hakuificha. Nilimwona kwenye kioo amebanwa ukingoni, upande wote wa kulia mtupu, na mdomo wangu ukatangulia kabla ya akili.

"Kaa katikati, mama."

Hakusogea.