Kitabu cha Afande na Karatasi ya Kalenda

Sikutaka kuisimulia hii, nawaambia ukweli, nilitaka nife nayo, lakini Waiswa anayeendesha mashine yangu ameshaanza kuieneza Jinja nzima, na kila akiieneza anajiongezea busara, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mimi mwenye makosa, na mkicheka mcheke kwa adabu, maana hata leo nikiona chungwa nageuza uso.

Mnanijua, mimi Nekesa, mtoto wa Bungoma niliyehamia huku na kufungua kiwanda cha kupiga chapa (nasema kiwanda ili mniheshimu, ni vyumba viwili na mashine moja yenye kelele), nachapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na kalenda za makanisa, na ulimi wangu pia mnaujua, sipendi mteja aje anifundishe kazi. Shida yote ilianzia hapo kwenye ulimi.

Siku hiyo aliingia mzee mmoja mrefu, amevaa bereti, binti yake Grace amemshika mkono huku mkono mwingine umebeba sanduku la bati. Alikuwa Afande Opolot, sajenti mstaafu wa magereza kutoka Mbale, na Grace alipofungua lile sanduku nilipiga ukelele kama niliyeona nyoka, kwa sababu ndani alikuwa Koplo Kengele! Yule askari jela mzembe wa kwenye katuni, anayepoteza funguo kila mwezi na kila mwezi wafungwa wanamsaidia kuzitafuta, ndiye niliyemsoma utotoni hadi jarida likachanika, na kumbe mchoraji wake ni huyu mzee aliyesimama mbele yangu, na ndani ya sanduku zimo picha zenyewe alizochora na kupaka rangi kwa mkono wake, miaka na miaka. Jarida lilikufa zamani. Hakuna aliyewahi kumkusanya Kengele kwenye kitabu kimoja.

"Mama, mimi nataka kitabu moja, katuni yote ndani," Afande akasema. "Hii jicho ya kushoto imekwisha. Hii ya kulia, daktari anasema nayo inaenda. Mimi nataka kuona kitabu yangu kabla haijazima."

Nikamwambia ataona, Afande, mimi mwenyewe nitahakikisha. Ndipo akaingiza mkono kwenye koti, akatoa karatasi moja iliyokunjwa, karatasi ya kuchapia magazeti, haijachapwa kitu, ile nyepesi ya kijivujivu inayokwaruza kidole, akaniwekea mezani.

"Chapa kwa hii. Kila kitu iko hapo."

"Sawa, Afande," nikasema, na moyoni nikasema masikini, mzee wa watu hajui kwamba siku hizi kuna karatasi nzuri.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo, haukuchukua hata dakika. Karatasi ya gazeti mimi naidharau, ukiiacha juani inageuka rangi ya chai, nami stoo nilikuwa na karatasi nzito iliyobaki kwenye kalenda, nyeupe pee, inang'aa hadi unajiona uso. Nikawaza, mtu anayepoteza macho anastahili kitu kinachong'aa, nitampa hiyo bila kumwongezea bei, atanibariki. Ile karatasi yake ikabaki mezani mpaka saa ya chakula, nikaletewa roleksi (chapati yangu na mayai mawili, nyanya nyingi), mafuta yakawa yanavuja, nikanyoosha mkono, nikachukua karatasi iliyokuwa karibu, nikaifungia roleksi, nikala nimesimama mlangoni huku nasalimia watu. Karatasi nikaitupa.

Tukaanza kazi. Picha zilipotoka kwenye mashine Waiswa akaegemea, akakuna masharubu yake, akaniuliza, "Mama, mbona watu wa huyu mzee wana sura za machungwa?" Kweli Koplo Kengele alikuwa ameiva, uso rangi ya chungwa, masikio mekundu, mkewe midomo kama amekunywa damu, lakini nikamwambia Waiswa hiyo ndiyo sanaa, ndivyo alivyochora mzee, yeye aangalie mashine. Sikuwaza hata kidogo kwamba kwenye jarida la utotoni Kengele alikuwa mtu mweusi wa kawaida kama mjomba wangu.

Wiki hiyo mvua ilinyesha Jinja kila siku, na wino ukakataa kukauka. Ijumaa asubuhi Waiswa akapitisha kidole juu ya ukurasa, akanionyesha kidole: chungwa.

"Karatasi hii hainywi wino, Mama. Wino umekaa juu tu. Tuuache siku mbili tatu."

"Waiswa, wewe unachapa au unahubiri?" nikamjibu. Ukumbi wa kanisa Mbale ulikuwa umeombwa kwa uzinduzi wa kitabu Jumamosi, wageni wamealikwa, na kila Grace akipiga simu alikuwa ananiambia jicho la baba leo si kama la jana, sasa hizo siku mbili ningezitoa wapi? Tukakunja, tukatia gundi, tukakata, tukafunga kwenye maboksi tukiyakandamiza vizuri yasichukue nafasi. Majalada yalikuwa yameshakauka, yanapendeza, nikajipongeza.

Jumamosi mapema nikakodi gari, nikaondoka na maboksi yangu, na njia nzima jua likawa linapiga kwenye buti ya gari, nami nashukuru Mungu kwamba mvua imekatika. Tulipofika Mbale, kabla sijasalimia mtu, nikafungua boksi moja nitazame kitabu kimoja tu, kwa raha zangu. Nikajaribu kukifungua, kikakataa. Nikajaribu cha pili, kimeshikana kama tofali. Cha tatu nikakivuta kwa nguvu, kikalia krrrp! na kichwa cha Koplo Kengele kikabanduka kwenye ukurasa wake, kikahamia ukurasa wa pili juu ya kitenge cha mkewe.

Jamani! Ningeweza kumwendea Afande pale pale nikamwambia ukweli, wageni walikuwa bado wachache, lakini nikamwona ameketi mbele na bereti yake, viatu vinang'aa, anageuza shingo kumtafuta kila anayemsalimia kwa lile jicho moja, na ulimi wangu ambao haunishindi kwa mtu ukanishinda. Nikafunga boksi. Nikamwendea mchungaji aliyeongoza shughuli, nikamnong'oneza kwamba sisi wachapaji tuna desturi, kitabu kipya hakifunguliwi mpaka mtu afike kwake nyumbani, ni heshima kwa mwandishi (desturi hiyo niliizaa mimi dakika ile ile, Mungu anisamehe). Mchungaji akaitikia vizuri, akatangaza, watu wakapiga makofi, vitabu vikagawiwa, kila mtu akakumbatia chake kifuani, nami nikaenda kusimama nyuma ya spika nikaanza kuhesabu nyimbo zilizobaki.

Lakini mgeni wa heshima, bosi mmoja wa magereza aliyewahi kuwa kuruta chini ya Afande Opolot, alipopewa nafasi ya kusema, akasema hawezi kumsifu Afande bila kutuonyesha kazi yake. Nikapunga mkono kutoka nyuma ya spika, nikatikisa kichwa, akadhani namsalimia, akanipungia. Kisha akafungua. Na kipaza sauti kilikuwa karibu na kitabu, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia ile krrrp kama mtu anapasua shuka.

Akatazama ukurasa. Akajaribu mwingine, krrrp. Ukumbini watu nao wakaona kama bosi amefungua desturi imekwisha, wakaanza, krrrp huku, krrrp kule, na bosi kwa joto na kuchanganyikiwa akajifuta jasho kwa vidole vile vile, paji la uso, pua, mashavu, akainua uso kutuambia kitu, na uso wenyewe ni chungwa. Kanisa likalipuka. Mama mmoja alicheka mpaka kilemba kikaanguka, na alipokiokota nacho kikapata rangi. Mchungaji akapanda kutuliza watu, naye ana masharubu mekundu.

Mngeniuliza saa ile ningesema hiyo ndiyo aibu kubwa kuliko zote. Sivyo. Afande Opolot alikuwa ameketi pale mbele anatabasamu, anageuza kichwa kulia na kushoto, kisha akamshika Grace mkono akauliza kwa sauti, "Wanacheka Kengele, eh? Bado wanacheka?"

Kwa mbali hakuwa anaona. Alidhani wanacheka katuni zake.

Grace akanitafuta kwa macho mpaka akanipata nyuma ya spika, na sijawahi kutazamwa vile tangu nizaliwe. Nikatoka. Nikatembea katikati ya ukumbi, kicheko kikawa kinapungua nyuma yangu, nikapiga magoti mbele ya mzee, nikasema, "Afande, hawacheki Kengele. Wananicheka mimi. Nimeharibu kitabu chako."

Akanyoosha mkono, akapewa nakala, akaivuta mpaka karibu na pua, upande wa jicho la kulia, akatazama muda mrefu.

"Hawa si watu yangu," akasema polepole. "Mimi napaka rangi kali sababu karatasi ya gazeti inakunywa rangi. Chungwa ikinywewa inakuwa kahawia, inabaki mtu. Wewe umetumia karatasi gani, mama?"

"Ya kalenda, Afande."

"Na ile yangu?"

Mchungaji na masharubu yake mekundu alikuwa amesimama karibu yangu, na kanisani nilishasema uongo mmoja. "Nilifungia roleksi," nikasema.

Afande akafunga macho kidogo.

"Kwa nyuma nilikuandikia yote. Rangi gani kupunguza kama karatasi itakuwa ingine, wino kukauka siku ngapi. Niliandika siku mbili, mama, na hii jicho moja."

Sikuigeuza. Niliishika mkononi, nikaikunja, nikaipaka mafuta ya mayai, na sikuigeuza.

Nilikusanya vitabu vyote, nikarudi Jinja na maboksi yangu. Nikaanza kutafuta karatasi ya gazeti, mimi niliyekuwa naidharau, na mjue haiuzwi ovyo, niliisaka kwa wachapaji wenzangu hadi nikapata mabaki ya roli moja la karatasi hiyo, tukaikata wenyewe, na Afande akawa ananieleza rangi kwa simu, huyu punguza, huyu ongeza, nami naandika kila neno, nasoma tena, namrudishia. Waiswa aliposema wino unataka siku moja zaidi nikasema sawa, Waiswa, nne kama unataka. Kila asubuhi nilimpigia Grace niulize habari za jicho kabla ya kuuliza habari za nyumbani, na kila asubuhi aliniambia bado linaona, lakini si kama jana. Ilichukua wiki tatu.

Nakala ya kwanza niliipeleka Mbale mwenyewe. Afande aliketi mlangoni penye mwanga, akaipapasa karatasi kwa kidole gumba, akainusa, akafungua, nayo ikafunguka kimya. Akaileta kwenye jicho. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa analia, kumbe anacheka, Koplo Kengele amepoteza funguo. "Huyu ndiyo yeye," akasema. Alisoma hivyo kila siku, kurasa chache asubuhi, jua likiwa zuri, na Grace akawa ananitumia ujumbe: leo amefika ishirini, leo arubaini na moja.

Kitabu kina kurasa mia moja na ishirini. Afande aliona mpaka ya themanini na nane.

Zilizobaki Grace anamsomea kwa sauti na kumweleza picha, naye anamrekebisha, anasema hapana, hapo mke wa Kengele ameweka mkono kiunoni, angalia vizuri. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja, wala Grace. Hesabu ninaijua mwenyewe: zile wiki tatu zingetosha kurasa thelathini na mbili.

Kwa hiyo msinicheke mkija kwangu na kazi mkaniona nageuza kila karatasi mnayonipa, hata risiti, hata karatasi tupu. Nageuza, natazama nyuma, ndipo naitikia sawa. Na roleksi siku hizi nakula kwenye sahani.